Kwa mwezi inatosha ngapi?

Ujumbe wa sauti wa mama mdogo huanza na soko la Ngamiani, kule kwetu Tanga, kabla ya yeye mwenyewe kuanza. Honi ya bajaji, mtu anauliza bei ya beseni, chenji inahesabiwa, ndipo sauti yake inapokuja.

"Mwanangu, hujambo huko? Barua ya mdogo wako imetoka, chuo wamemkubali. Sasa hawa wa viza wanataka waone karibu euro elfu saba za mwaka. Nimezigawa kwa kumi na mbili, nimepata mia tano themanini na tatu. Wewe uliyeko huko niambie, kwa mwezi hiyo inatosha au haitoshi?"

Nilimsikiliza nikiwa jikoni, hapa Bologna, Italia, bili ya gesi ya Desemba na Januari iko mezani chini ya kikombe cha mpangaji mwenzangu.

Mama mdogo anauza vyombo vya plastiki. Mpe bei ya dazeni, atakupa bei ya rejareja na faida yake kabla hujafunga mdomo. Mtu wa namna hiyo akikuuliza swali la namba anastahili namba. Nikaandika 600, nikafuta. Nikaandika 800, nikafuta. Mwisho nikaandika, "Shikamoo mama, nitakupigia jioni." Jioni ikapita.

Bei nazijua. Najua kodi ya chumba, najua unga, najua nauli. Lakini kila nilipojaribu kuzijumlisha nipate namba moja ya mwezi, namba hiyo ilikuwa kweli kwenye karatasi na uongo kwenye maisha. Wiki zikapita hivyo, na yeye akawa hanikumbushi, jambo ambalo kwa mama mdogo ni baya kuliko kukumbushwa.

## Kinachozimika na kisichozimika

Nyumbani mambo ya kila siku tunayalipia kabla. Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikiisha, giza. Mtungi wa gesi ukiisha unautikisa, unasikiliza, unakubali, unawasha mkaa. Vocha, mafuta ya kupima, ndoo ya maji, vyote pesa inatangulia, na kikikatika unajua papo hapo kwamba umefika mwisho. Kinachodai mkupuo ni kodi ya nyumba. Miezi sita mkononi, ukibahatika mitatu, na mwenye nyumba hasikilizi hadithi.

Huku wamegeuza.

Kodi ya chumba unalipa mwezi kwa mwezi. Umeme na gesi unatumia kwanza, halafu unaambiwa ulichotumia, mara nyingi kila baada ya miezi miwili. Kaa bafuni na maji ya moto Desemba nzima. Hakuna kitakacholia, hakuna kitakachokatika. Karatasi itakuja Februari.

Kitu pekee kinachozimika ni umeme mkizidisha mzigo. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3. Washa mashine ya kufulia, weka oveni, kisha mwenzenu chumbani achomeke pasi: tap, giza. Mmoja anashuka ngazi na soksi mpaka kwenye mita kuinua swichi, wengine mnabishana gizani nani mwenye pasi. Ila hiyo ni adhabu ya kuwasha vyote kwa pamoja. Ukiwasha kimoja kimoja kutwa nzima, mita inakuangalia tu.

Ile bili ya mezani ilikuwa euro 436, kwa watu wanne. Mia na tisa kila mmoja, gesi peke yake. Na si yote ni gesi tuliyoichoma: kuna usafirishaji, kuna gharama ya mita, kuna kodi za serikali, na sehemu yake ungelipa hata kama ungelala gizani umejifunika blanketi. Januari yote kwenye daftari langu gesi ilisomeka sifuri.

Kwa hiyo nikimwambia mama mdogo "gesi ni euro 30 kwa mwezi, kwa wastani", sijamdanganya. Lakini wastani haulipi bili ya Februari.

Kuna na vya kuchomekwa. Ada ya televisheni ya taifa, euro 90 kwa mwaka, tangu 2016 inakatwa ndani ya bili ya umeme wa nyumbani, vipande vya euro 9 kuanzia Januari hadi Oktoba. Kama mkataba wa umeme uko kwa jina lako na huna televisheni, ni juu yako kuwaambia hivyo kwa maandishi, na mwakani uwaambie tena. Halafu kuna wale wa simu. Tangu 2024, soko la umeme na gesi lilipoachiwa huru kwa wateja wengi, wanapiga mpaka saa ya futari: eti mkataba wako unaisha, eti umelipishwa zaidi. Wanachotaka ni namba moja iliyoko kwenye bili ya umeme, ile inayoanza na IT. Usiitaje, hata kama anaongea kwa upole.

Kinachonitisha zaidi wanakiita conguaglio. Jengo lina boila moja la pamoja. Kila mwezi unalipa makadirio ndani ya gharama za jengo, msimu unaisha, mhasibu anakaa na mahesabu yake, halafu anakuletea tofauti. Inaweza kuja kiangazi, watu wako baharini. Inaweza kuja umeshahama, mwenye nyumba akaikata kwenye amana yako. Ndiyo maana chumba cha euro 420, bili zote ndani, kinaweza kuwa nafuu kuliko cha 350. Na mwenye nyumba usimuulize bili huwa kiasi gani, maana atakwambia "ndogo tu". Mwambie akuonyeshe za baridi iliyopita.

## Serikali inapokupangia joto

Mtu wa Tanga ukimwambia kuna sheria ya tarehe ya kuwasha joto la nyumba atadhani unamchezea. Ipo. Amri ya rais namba 412 ya mwaka 1993 iliigawa Italia katika kanda sita, A mpaka F, kwa kadiri ya baridi yake. Bologna iko kanda E: joto linaruhusiwa kuanzia 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, lisizidi saa 14 kwa siku. Roma, kanda D, inaanza 1 Novemba. Napoli na Bari ziko C, kuanzia 15 Novemba mpaka 31 Machi, saa 10. Palermo ni B, 1 Desemba mpaka 31 Machi, saa 8.

Nilikuwa nikilijua jambo hili kama kichekesho cha kuwasimulia watu wa nyumbani. Safari hii nililisoma kama mtu anayetafuta namba, nikaona limenipa kile nilichokuwa nahangaika nacho. Gharama za huku zina majira. Miezi sita hali moja, miezi sita hali nyingine, na Palermo miezi minne kwa minane.

Nikaichukua kalenda ya ukutani, ile ya bure kutoka duka la Wabangladeshi, nikaanza kuandika kwenye tarehe zenyewe. Februari: gesi, kubwa. Aprili: gesi, wastani. Septemba: ada ya chuo kwa anayesoma. Oktoba: joto linawashwa, lakini pesa haitoki bado. Desemba: gesi ya vuli. Ilipojaa nikaona kitu ambacho daftari la mwezi kwa mwezi lilikuwa linanificha. Kuanzia Mei mpaka Septemba naishi kama mwenye pesa, na pesa zile si zangu. Ni za Februari.

Siku hizi nina LUKU yangu. Miezi ya jua natoa euro 45 kila mwezi, nazipeleka kwenye akaunti ambayo kadi yake siibebi. Nanunua uniti za baridi nikiwa bado natoka jasho.

Nikafurahi. Nikataka kumpigia mama mdogo siku ileile nimwambie jibu limepatikana.

Halafu nikajiuliza: huyu kijana anafika lini?

## Anafika Septemba

Hana kiangazi nyuma yake. Ujanja wangu wote wa kuweka akiba Mei haumhusu, kwa sababu Mei yeye yuko Tanga. Anaingia kwenye kalenda mahali pabaya kuliko pote, siku chache kabla ya baridi, mikono mitupu ya akiba, na kila mtu anamdai kitu cha kuanzia.

Chukua chumba cha euro 450, ambacho kwa Bologna ni cha kushukuru. Amana, caparra wanavyoiita, kisheria haitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu. Hilo lipo tangu sheria namba 392 ya 1978. Wengi wanataka miwili. Miwili na mwezi wa kwanza ni 1,350. Kikipatikana kupitia dalali wa ofisini, ongeza pengine kodi ya mwezi mwingine. Mimi nimemuondoa dalali kwenye hesabu, Mungu atusaidie.

Ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini anatakiwa posta na bahasha ya kuombea kibali cha kukaa. Kibali cha mpaka mwaka mmoja ni euro 40, kadi yenyewe 30.46, posta 30, na stempu ya serikali ya 16, ambayo unainunua kwenye duka la sigara lenye herufi T kubwa mlangoni. Jumla 116.46. Hizo senti 46 hakuna aliyewahi kunieleza zinafanya kazi gani.

Kisha afya. Mwanafunzi anaweza kujiandikisha kwa hiari kwenye mfumo wa afya wa taifa. Mpaka 2023 ilikuwa euro 149.77 kwa mwaka, kuanzia 2024 imekuwa 700. Na "mwaka" wao ni Januari mpaka Desemba, haugawanyiki. Ukijiandikisha Oktoba umelipa mwaka mzima kwa ajili ya miezi mitatu. Kwa hiyo wengi wanaofika Septemba huchukua kwanza bima ya binafsi ya wanafunzi, ya bei ndogo zaidi, ambayo inafaa kwa kibali na kwa dharura lakini haikupi daktari wa familia. Ukiwa na ugonjwa wa kudumu, pumu au kisukari, usiige wengi. Piga hesabu yako mwenyewe.

Vyumba vya wanafunzi huwa na kitanda na kabati. Mto, shuka na duveti ni juu yako. Koti zito asinunue Dar. Aje anunue Piazzola, soko la Ijumaa na Jumamosi pale Piazza VIII Agosto, ambako kuna mitumba ya kuchambua kama ya nyumbani, na kuchambua mdogo wangu anajua.

Weka bima 120, vitu vya kulalia 100, koti na viatu 80. Tunakaribia 1,800 kabla hajanunua kilo ya unga. Itoe kwenye 7,000, kinabaki 5,200 na kitu. Kodi ya mwezi wa kwanza imo tayari, kwa hiyo gawa kwa kumi na moja: 475 kwa mwezi.

Chumba ni 450.

Hapo nililiweka peni chini nikaenda kusugua sufuria isiyo na uchafu. Ile elfu saba ya viza si bajeti. Inafuatana na kiwango cha chini cha pensheni ya kijamii ambacho serikali ya Italia inapanga kila mwaka, na kazi yake ni kufungua mlango wa ubalozi. Aliyeiweka hakuwa anafikiria kodi ya Bologna. Mwezi Mei 2023 mwanafunzi mmoja wa Politecnico di Milano alipiga hema mbele ya chuo kwa sababu ya kodi, na mahema yakaenea miji mingine, Bologna ikiwemo. Wale walikuwa Waitaliano, wenye mama wa kuwatumia sosi ya nyanya kwa treni.

Ipo posho ya mkoa, hiyo ndiyo inayowaleta wengi wetu. Mwanafunzi wa familia ya kipato kidogo anayetoka mbali anaweza kupata euro elfu sita mpaka saba na kitu kwa mwaka, na ada ya chuo akasamehewa. Lakini iangalie tena kwa kalenda. Kwa kawaida nusu ya kwanza inalipwa kuelekea mwisho wa Desemba, na ya pili mwaka unaofuata, ikitegemea mitihani aliyofaulu. Septemba, Oktoba na Novemba haipo. Na ili ahesabiwe kwamba anaishi mbali na kwao apewe kiwango kile kikubwa, anatakiwa awe na mkataba wa chumba uliosajiliwa kwenye ofisi ya kodi, wa angalau miezi kumi.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Mwenye nyumba anakwambia: bila mkataba nakupunguzia 50. Mgeni anaona amepata, 50 kwa miezi kumi ni mia tano. Posho inashuka kwa zaidi ya hiyo mara kadhaa, na siku akitaka amana yake hana karatasi ya kumuonyesha mtu yeyote.

Mshahara nao usimo kwenye miezi hiyo. Kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki, 1,040 kwa mwaka, lakini kuosha vyombo mgahawani unahitaji angalau kumuelewa mpishi anapokutukana.

Kwa hiyo namba ya kwanza niliyoweza kuisema kwa uhakika haikuwa ya mwezi kabisa. Ilikuwa ya Septemba mpaka Desemba, fungu la peke yake, lisichanganywe na lolote: euro 3,500 kwa Bologna, chakula kando, kabla hatujaanza kuzungumza habari ya "kwa mwezi".

## Kuzidisha kwa elfu tatu

Chakula kinawaogopesha wanaokuja, na ndicho kisichostahili kuogopwa.

Ugonjwa wa mwanzo ni kuzidisha. Kahawa ya kusimama baa, euro 1.30. Euro imekuwa ikizungukia elfu tatu, basi unaona shilingi elfu nne kasoro kidogo kwa kikombe cha kumeza mara mbili, unaona sahani ya wali maharage na nyama pembeni, unaondoka na kiu. Wengine hawaponi miaka na miaka. Ushauri wangu ni kuacha kuzidisha siku unapopata mshahara wa kwanza. Kuanzia hapo pima kwa saa ya kazi. Kodi ni saa ngapi, koti ni saa ngapi. Italia haina kima cha chini cha mshahara cha kisheria, kwa hiyo hiyo saa yako ijue wewe mwenyewe.

Ugonjwa wa pili ni kununua kidogo kidogo. Hakuna mafuta ya kupima huku. Mafuta ni lita, na ya alizeti. Zeituni ukame uliipiga kule Hispania, bei ikaruka mwaka 2023 na 2024. Ya zeituni ninunulie mgeni.

Unga wa polenta unafanya ugali. Ni wa njano na una chenga, ila chagua ule laini ulioandikwa fioretto, usonge vizuri, utakula. Mweupe upo kwenye maduka ya Waafrika kwa bei ya kujidai. Mchele wa Italia usiuguse kwa pilau, ule wa risotto unaishia uji. Nenda kwa Mbangladeshi, chukua basmati mfuko wa kilo 5, na hapohapo utapata iliki, mdalasini na nazi ya kopo. Halafu samaki. Waitaliano wanapigania pweza na kamba, na pembeni wamelala alici, samaki wadogo kama dagaa, na sardini, bei ya chini kuliko zote mezani. Alici wabichi, chumvi, ndimu, unga kidogo, mafuta ya moto. Mtu wa pwani atafunga macho.

Ukipika hivi, euro 170 au 180 za mwezi zinakulisha vizuri, na hili ndilo fungu pekee ninalothubutu kulitaja kwa mwezi. Ukila nje, jua kuna euro 2 hivi za kukalia kiti tu, zipo kwenye menyu kwa herufi ndogo.

Simu ni rahisi kuliko nyumbani: euro 8 hadi 10, data huimalizi. Nauli inategemea mji. Hapa Bologna tiketi moja ya basi ilitoka euro 1.50 ikaenda 2.30 Machi 2025, kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo nimegundua kwamba mji huu ni wa kutembea kwa miguu. Mvua ikinyesha kuna varanda zenye matao, kilomita kwa kilomita. Zilijengwa zamani kwa sababu nyingine. Mimi naziweka kwenye fungu la usafiri.

## Bologna au Palermo

Jambo ambalo mama mdogo hakulitaja mwanzoni: kijana amekubaliwa sehemu mbili. Bologna, na Palermo kule Sicilia. Yeye alidhani ni kama kuchagua Moshi au Arusha.

Chumba Palermo chini ya euro 300 bado kinapatikana. Soko la Ballarò, mchana likikaribia kufungwa, nyanya zinauzwa kwa kumwagiwa mfukoni. Kule, 583 ya mama mdogo inasimama kwa miguu yake, ikishavuka miezi ya mwanzo. Akili yangu yote ikasema Palermo, na bado kuna jioni naamka naitetea Palermo.

Lakini kalenda inaleta maswali yake. Kwenye baridi watu hudanganyika na ramani. Januari ya Palermo ni nyuzi 12 hivi kwa wastani, ungesema afadhali. Nyumba nyingi za kule hazina joto la pamoja, zilijengwa kwa kukimbia jua: sakafu ya vigae, dari ndefu, kuta nene. Baridi inakaa ndani. Nje unavua koti, ukiingia unavaa. Kinachobaki ni hita ya umeme, na hita ya umeme kwenye mita ya kilowati 3 inakula pesa huku inawazimia taa. Anayekwenda kusini kwa kukwepa bili ya gesi aulize kwanza nyumba inapashwaje.

La pili ni kazi. Bologna mtu akijua Kitaliano kidogo hakosi kazi ya ghala, mgahawa, usafi wa hoteli wakati wa maonyesho ya biashara. Agosti mji unafunga. Karibu na tarehe 15, sikukuu yao ya Ferragosto, hata mwokaji mikate hayupo. Lakini Rimini na pwani yake yote ya Adriatiki iko saa moja tu kwa treni na inatafuta watu wa msimu, na pesa ya msimu ndiyo inayojaza Septemba ya pili. Kusini vijana wao wenyewe wanahama kutafuta kazi.

Kwa hiyo Palermo inakupa matumizi madogo na kipato cha mashaka, Bologna matumizi makubwa na nafasi ya kuyafukuzia. Kwa mwenye posho ya mkoa mkononi ningesema Palermo bila kupepesa. Kwa asiye na uhakika wa posho, na asiye na zile 3,500 za mwanzo, ningesema asubiri mwaka. Hilo la kusubiri ndilo lililokuwa limenifunga mdomo muda wote. Nani anataka kuwa dada aliyesema subiri?

## Fungu la nyumbani

Vikokotoo vya gharama za maisha vilivyoko mtandaoni vina mstari wa mazoezi ya viungo, mstari wa sinema, hata mstari wa mbwa. Mstari wa kutuma nyumbani sijauona.

Sisi ndio wa kwanza kuulipa.

Mwenzangu mmoja wa Bukavu tunayekaa naye hutuma kwa mama yake kabla ya kulipa kodi, kila tarehe 5, na hata mwezi akiumwa atakopa atume. Simlaumu. Mimi mwenyewe nimo kwenye makundi ya kamati za harusi ambazo bwana harusi simjui, na kadi ya mchango inafika na jina langu limeandikwa vizuri, "Bi. wa Ulaya" halijaandikwa lakini linasomeka. Ada ya mtoto wa kaka, bati za nyumba ya bibi, msiba. Msiba hauna bajeti, na hakuna anayeomba uwe nayo.

Nilipompigia mama mdogo hatimaye, niliyasema ya 3,500 haraka, ya kalenda haraka, akawa anaandika, nasikia peni. Kisha nikafika hapa nikapunguza mwendo. Nikamwambia, mama, mwaka wa kwanza asiombwe kitu. Si kwamba hatataka kutuma. Atataka, na atatuma, na Februari hatakuwa na joto, na hatakwambia.

Akacheka. "Nimwombe mimi? Mimi ndiye ninayeuza mabeseni kumpeleka! Baba zake wadogo ndio ukawaambie, na wewe ndiye utakayewaambia."

Kwa hiyo nimepewa kazi. Nimewaandikia kwenye kundi la ukoo, wawili wamejibu kwa dole gumba, mmoja ameuliza kama ningeweza kumletea simu.

Mimi sikuwa na mtu wa kuniwekea uzio, nimeuweka mwenyewe na umechukua muda kusimama. Kila mwezi euro 60, Machi mpaka Desemba. Zikiisha kwa bati, hakuna za harusi. Akija wa msiba nakopa kwenye zile za koti langu. Januari na Februari fungu hilo halipo, limekwenda kwenye gesi, na kamati zote ninazozijua zimeshaambiwa anayetaka mchango wangu asioe Januari.